Usinunue Spea Kabla Hujajua Kilichoiua ya Zamani

Injini za baiskeli zinazouzwa kwa seti, yaani injini, tenki, kabureta, cheni na nyaya zake zote katika boksi moja, ni rahisi kufungua kuliko injini nyingine yoyote ya petroli utakayoikuta barabarani. Urahisi huo ndio unaowaponza wengi. Injini ikigoma kuwaka, mwenye baiskeli ananunua plagi. Ikigoma tena, koili. Ikiwaka na kuzimika njiani, kabureta. Baada ya muda ametumia nusu ya bei ya injini nzima na ugonjwa uko palepale, kwa sababu kilichoharibu ile plagi ya kwanza hakijaguswa.

Katika injini hizi kifaa hakifi chenyewe mapema. Ringi zilizokwisha kabla ya wakati zimelishwa vumbi au zimenyimwa oili. Pistoni iliyojamu ilikuwa inavuta hewa ya wizi, yaani hewa inayopenya ndani bila kupitia kabureta. Ukifunga mpya bila kuziba chanzo, mpya nayo itakwenda njia ileile, na kwa kawaida haraka zaidi. Kwa hiyo mwongozo huu utakuchelewesha kidogo kabla ya kukupeleka dukani.

Anza kwa kuijua injini uliyonayo. Seti iliyoenea zaidi hutengenezwa China na mara nyingi huuzwa kwa jina la cc 80. Ipime: silinda ina kipenyo cha milimita 47 na pistoni husafiri milimita 38, na hesabu hiyo inatoa cc 66. Kuna ndogo yake yenye silinda ya milimita 40 na msafara uleule wa 38, ambayo ni karibu cc 48. Pistoni, ringi na gasketi za hizi mbili haziingiliani. Hata kwa injini za ukubwa mmoja, kuna zenye stadi za hedi za milimita 6 na zenye za milimita 8, na gasketi ya moja haikai kwenye nyingine. Usiende kununua spea Kariakoo au Kirinyaga Road na jina la injini tu. Nenda na kifaa cha zamani mkononi, na kama una venia, nenda nayo.

Jambo la pili la kujua ni kwamba hii ni injini ya mapigo mawili, tu-stroki. Haina vali, haina oili ya injini inayokaa chini. Pistoni ikipanda huvuta mchanganyiko wa petroli na hewa kuuingiza chini, kwenye chumba cha krenki. Ikishuka huushindilia humo, kisha huusukuma juu kupitia matundu ya pembeni mwa silinda. Fundi wa bodaboda aliyezoea Boxer na TVS anaweza kuwa hodari kweli na bado akakwama hapa, kwa sababu zile ni za mapigo manne na chumba cha krenki hakina kazi hiyo. Kwenye tu-stroki, tundu la hewa dogo kama la sindano chini ya injini linaharibu uwiano wa petroli na hewa. Na oili pekee inayofika kwenye beringi za krenki ni ile uliyochanganya kwenye tenki.

Basi oili. Kwa injini iliyokwisha zoea kazi, kipimo cha 1 kwa 25 kinafaa: mililita 40 za oili kwa lita moja ya petroli. Kwa injini mpya, au uliyoifunga pistoni au ringi mpya, vijitabu vingi vya seti hutaka 1 kwa 16, yaani mililita 62 au 63 kwa lita, katika tenki chache za mwanzo. Usikadirie kwa kizibo cha chupa. Nunua duka la dawa bomba la sindano la mililita 20. Mabomba mawili kwa lita ndiyo 1 kwa 25, na hutakosea tena. Changanya kwenye dumu, tikisa, ndipo umimine. Oili ikimiminwa moja kwa moja kwenye tenki hutuama chini na kuingia kwenye kabureta yenyewe tupu, halafu ikiisha injini inakunywa petroli kavu.

Aina ya oili nayo ina neno lake, hasa kwa wasomaji wa pwani na wa kando ya maziwa. Oili ya injini za boti imejaa madukani huko, na kwenye kopo imeandikwa TC-W3. Hiyo imetengenezwa kwa injini zinazopozwa kwa maji, ambazo hazipati moto mkali. Injini ya baiskeli hupozwa kwa upepo. Tafuta kopo lililoandikwa JASO FC au FD, ile inayotumika kwenye misumeno ya kukatia miti na pikipiki za tu-stroki. Na oili ya bodaboda, ile ya mapigo manne, usiitie kabisa. Haijatengenezwa kuungua, itaacha masizi kwenye pistoni na kuziba egzosi.

Sasa injini imegoma. Fuata mpangilio huu na usiruke: cheche, petroli, hewa ya wizi, halafu mshindilio. Mengi huishia kwenye mawili ya kwanza, na hayo hayahitaji hata kununua kitu.

Toa plagi uitazame kwanza, kwa maana ndiyo inayotoa habari za ndani. Rangi ya kahawia isiyokolea ni afya. Nyeusi na mbichi ina maana petroli inazidi au cheche ni dhaifu. Nyeusi kavu ya masizi, petroli inazidi. Nyeupe kama imechomwa ni hatari kuliko zote: injini inapata hewa nyingi kuliko petroli, na pistoni inakaribia kujamu. Ukiona nyeupe, usibadilishe plagi ukaondoka. Ruka hadi sehemu ya hewa ya wizi hapa chini.

Kisha ichomeke plagi kwenye kofia yake, ilaze juu ya mapezi ya silinda ili chuma kiguse chuma, mbali na tundu ilikotoka kwa sababu pale hutoka mvuke wa petroli. Inua gurudumu la nyuma, achia klachi ishike, uzungushe kwa nguvu. Unatafuta cheche ya bluu. Kama hakuna, kabla ya kununua chochote chomoa nyaya za swichi ya kuzimia kwenye usukani na ujaribu tena. Swichi hizo ni dhaifu, maji ya mvua yakiingia zinagusana, na kazi yake ni kuua cheche. Baada ya swichi, kagua kofia ya plagi. Zile zinazokuja na seti nyingi hazishiki vizuri. Kofia nzuri ya plagi ya pikipiki ni spea ya bei ndogo ambayo ningeibadilisha hata kabla haijaleta shida.

Bado hakuna cheche? Chukua mita, weka kwenye kipimo cha ohm, chomoa nyaya kutoka kwenye sidiai (CDI), kile kisanduku cha umeme wa cheche, upime waya wa bluu na mweusi unaotoka kwenye koili ya magineto. Koili nzima husoma mamia kadhaa ya ohm, kwa kawaida kati ya 300 na 400. Isiposoma kitu, waya umekatika ndani na koili ni ya kubadilishwa: skrubu mbili, nyaya zake, basi. Lakini tazama sumaku inayozunguka katikati yake. Ikiwa ina alama za kusuguana na koili, beringi ya krenki imelegea, na koili mpya nayo itasuguliwa vilevile. Ikiwa koili inasoma sawasawa na cheche hakuna, inabaki sidiai, na njia ya uhakika ya kuipima ni kufunga nyingine iliyo nzima. Waya mweupe, kama upo, uzungushie tepu uuache. Ukiufunga kwenye taa, unaila cheche.

Plagi mpya ukiitaka, NGK B6HS inakaa vizuri: kipenyo cha milimita 14, shingo ya milimita 12.7. Urefu wa shingo ndio wa kuangalia. Plagi nyingi za pikipiki zina shingo ndefu zaidi, na shingo ndefu itagongwa na pistoni. Mwanya wake uwe milimita 0.6 hadi 0.7.

Cheche ikiwepo, geukia petroli. Fungua bomba la tenki, chomoa mpira kwenye kabureta uone kama petroli inatoka kwa mkondo au kwa matone. Matone ni uchafu kwenye chujio la tenki. Kisha fungua bakuli la chini la kabureta. Utakuta maji, kutu, au utelezi wa oili iliyokaa. Fungua jeti, ipulize, uitazame kwenye mwanga. Ukilazimika kuipitisha kitu, tumia uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme, kamwe usitumie sindano wala waya wa chuma, kwa kuwa tundu likitanuka hata kidogo jeti hiyo si ile tena. Kabureta inayomwaga petroli chini haihitaji kutupwa. Safisha sindano ndogo inayosukumwa na floti, na uhakikishe floti haijatoboka wala kupinda.

Juu ya kabureta kuna slaidi yenye sindano ndefu, na sindano hiyo ina mikato kadhaa ya kushikia klipu. Kusogeza klipu juu kunashusha sindano na kupunguza petroli. Kuisogeza chini kunaongeza. Sogeza mkato mmoja tu kwa wakati, uende mwendo mrefu kidogo, usome plagi. Unaporudisha slaidi, upande wake uliokatwa utazame kwenye chujio la hewa. Ukigeuza, injini itavuma haitataka kutulia, na utailaumu kabureta isiyo na kosa.

Chujio la hewa lenyewe ni kipande cha sponji. Barabara zetu za vumbi zinalijaza haraka. Lifue kwa sabuni, likauke, lipakwe matone ya oili, lirudi. Anayeliondoa ili injini ipumue vizuri anaipa pistoni mchanga wa kutafuna.

Hewa ya wizi

Hapa ndipo injini nyingi hufia, na ni pale watu wanapopatazama mwisho. Dalili zake: injini inapanda mlio yenyewe na haishuki upesi ukiachia mkono, inawaka kwa shida ikiwa baridi, plagi ni nyeupe. Hewa huingilia sehemu nne. Ya kwanza ni pale kabureta inapovikwa kwenye bomba la kuingizia na kubanwa kwa klempu; mkato ule wa klempu mara nyingi unabaki na mwanya. Ya pili ni gasketi kati ya bomba hilo na silinda. Ya tatu ni gasketi ya chini ya silinda. Ya nne, iliyojificha, ni oili sili za krenki, moja kila upande.

Kuzipima hakuhitaji mashine. Injini ikiwa imewaka na kutulia, dondosha matone ya oili nzito kwenye kila kiungo kimoja kimoja. Mlio ukibadilika ulipodondosha, umempata mwizi. Usipulizie petroli wala kitu kinachowaka kwenye injini ya moto. Kiungo kikivuja, fungua, lainisha uso wa chuma kwa msasa laini uliolazwa juu ya kioo, weka gasketi mpya, kaza pande zote sawasawa. Gasketi za karatasi zinazokuja na seti ni nyembamba. Karatasi nene ya gasketi unaweza kununua kipande na kukata mwenyewe kwa kufuata ya zamani.

Oili sili ya upande wa magineto hubadilishwa bila kupasua injini: toa sumaku kwa pula, siyo kwa nyundo, itoe sili ya zamani kwa uangalifu usikwaruze shafti, na ubonyeze mpya ikiwa upande wenye springi umeelekea ndani kwenye krenki. Namba ya sili imeandikwa usoni mwake. Ya beringi vilevile imechongwa ukingoni, na duka la beringi litakupa bora kuliko ile iliyokuja kiwandani. Ila beringi za krenki zinataka kupasua injini sehemu mbili na kupasha moto kasha ili beringi itoke bila kugongwa. Krenki hii imeshindiliwa vipande vyake kwa presi. Nyundo moja ya pembeni inaipinda, na hainyooki kirahisi. Kama huna pula wala mahali pa kupashia moto, hapo ndipo pa kumpelekea fundi.

Kufungua juu

Injini ikikosa mshindilio, yaani gurudumu linazunguka klachi ikiwa imeshika bila kukuzuia, ni wakati wa kufungua hedi. Legeza nati nne kwa kuvuka, pembe na pembe, taratibu. Vuta silinda moja kwa moja juu bila kuizungusha, na mara pistoni inapotokeza ziba mdomo wa chini kwa kitambaa safi. Klipu ya pini ya pistoni ikidondoka kwenye krenki, utapasua injini kwa ajili ya kipande cha waya.

Shika konrodi uivute juu na chini. Mchezo wowote wa juu na chini ni ugonjwa wa beringi kubwa. Mchezo mdogo wa kushoto na kulia ni halali. Kisha itazame silinda ndani. Hapa nawaomba mafundi wanisikilize. Silinda ya bodaboda ikichakaa hupelekwa kwa mchongaji, ikatanuliwa, ikafungwa pistoni kubwa zaidi. Lakini nyingi za silinda za injini hizi za baiskeli ni aluminiamu iliyopakwa kromu ndani. Huwezi kuitanua bila kuondoa kromu, na kuisugua kwa msasa ni kuiua. Ikiwa kromu imebanduka, hasa pembezoni mwa matundu, nunua silinda mpya. Ikiwa ni nzima na inang'aa, isafishe kwa petroli uiache.

Pima ringi kwa kuisukuma ndani ya silinda kwa kutumia kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha pima mwanya wa ncha zake kwa fila geji. Karibu milimita 0.2 ni nzuri. Ikifika 0.5, badilisha zote mbili. Kila mfereji wa ringi una kipini kidogo, na ncha za ringi lazima zikikumbatie. Zikikaa pengine, ncha itanasa kwenye tundu la silinda na kuvunjika. Mshale juu ya pistoni utazame egzosi. Klipu za pini ziwe mpya kila mara, hata kama za zamani zinaonekana nzima. Paka oili, ingiza, gasketi mpya ya hedi, kaza nati kwa kuvuka katika awamu tatu. Washa ipate moto, iache ipoe kabisa, kaza tena. Huko kukaza mara ya pili ndiko kunakookoa gasketi.

Klachi na cheni havinihitaji kusema mengi. Klachi ikiteleza, fungua kava ya upande wa pili kutoka kwenye cheni ya injini. Kabla ya kugusa nati yake yenye mikato kama ua, tazama kama vipande vya msuguano vimelowa grisi. Fundi aliyejaza grisi kwenye gia ndiye aliyeitelezesha. Vioshe kwa petroli, vipitishe msasa. Ndipo ukaze nati ile mkato mmoja, urudishe skrubu yake ndogo ya kufungia. Ukifungua upande wa sproketi, angalia gololi ya chuma inayokaa mbele ya fimbo ya klachi. Hudondoka bila sauti, na bila hiyo klachi haifunguki. Cheni ya seti ni namba 415. Ya pikipiki, 428, ina urefu uleule wa pingili lakini roli zake ni nene zaidi, haikai kwenye meno.

Nati zote za kushikilia injini kwenye fremu zikaguliwe kila wiki. Wengi huweka kipande cha mpira kati ya injini na fremu wakidhani kitapunguza mtetemo. Kinafanya kinyume: injini inapata nafasi ya kucheza, na stadi zinakatika. Chuma kikae juu ya chuma, kikazwe, kipakwe gundi ya nati.

Liko jambo moja lisilo la injini ambalo siliruki. Ile roli ya kukaza cheni, iliyofungwa kwenye fremu ya nyuma, ikilegea hugeuka ikaingia kwenye spoku na kufunga gurudumu ghafla. Fupisha cheni na unyooshe sproketi hadi roli isiwe na kazi kubwa, au uiondoe kabisa. Na pima breki zako. Seti hii yenye sproketi ya meno 44, mbele meno 10, ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, inaipeleka baiskeli ya gurudumu la inchi 28 karibu kilomita 36 kwa saa. Breki za fito za baiskeli zetu za kawaida zilitengenezwa kwa mwendo wa miguu, na rimu ya chuma ikilowa zinashika kidogo sana. Kasi ikiwa mara mbili, umbali wa kusimama ni mara nne. Kama breki moja haishiki, ya mbele au ya nyuma, usiwashe injini hiyo, hata kama umeitengeneza vizuri namna gani.